Sisimizi Kwenye Soketi

Rukanga,
3 Februari 2025

Kwa ndugu yangu Donald,

Pokea salamu kutoka chini ya mlima Kasigau. Sisi tuko, tunasukuma. Mpwa wako Shanice amerudi shule, yuko kidato cha pili, na amerefuka hadi sketi niliyomnunulia mwaka jana inaleta maneno na mwalimu. Pojo zilikauka kabla ya kutoa maua. Ndovu walipita kwa jirani wakaangusha tangi la maji, wakanywa, wakaondoka zao kama wageni wasio na shukrani. Wewe na wenzako wa visima huko Laisamis mnaendeleaje? Unakula kweli? Ile picha uliyotuma Krismasi ilikuwa shingo tupu.

Ninaandika kwa sababu simu ya hapa unaijua. Network iko pale mwambani nyuma ya zahanati peke yake, na ukipiga simu pale watu wote walio kwenye foleni ya dawa wanajua shida zako, na wengine wanakuongezea ushauri. Wewe nawe hupatikani mpaka ushuke mjini. Basi bahasha hii nampa Kimeu, yule fundi wa Voi, aipandishe basi la Nairobi, na ofisi yenu itakuletea na lori la mabomba.

Jambo lenyewe ni gari yako.

Unajua Baba anaoshwa damu Voi kila Jumanne na Ijumaa. Basi la hapa linatoka alfajiri na kurudi jioni, na mtu aliyetoka kwenye ile mashine hawezi kukaa stendi na jua lile. Pikipiki ndiyo usiseme. Bila hiyo Probox yako Baba hafiki, na asipofika anavimba miguu na pumzi inakuwa ya kutafuta. Daktari alituambia hivyo bila kuzunguka.

Mwezi uliopita injini ilianza kuvuja oili juu. Moshi unaingia ndani, Baba anakohoa kutoka hapa hadi Maungu. Nikaona sitangoja mtu. Spana zako ziko stoo, video nilitazama pale mwambani hadi bando likakata, gasketi nikanunua Voi. Nikafungua kifuniko cha juu mwenyewe, nikatoa gasketi ya zamani, nikaweka mpya, nikapaka na gundi kwenye kona kama yule jamaa wa video. Usishtuke! Oili imeacha kuvuja kabisa. Nilitembea hapa kijijini nikijiona injinia.

Lakini tangu siku hiyo taa ya injini imewaka pale kwenye dashibodi, ile ya njano. Gari inawaka kwa shida, ikiwaka inatetemeka, ikipanda mlima inakwenda kwa kuvutwavutwa kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Ijumaa ilizima porini kabla ya kufika Maungu, Baba akiwa ndani. Ilikaa ikapoa, ikakubali. Niambie niguse wapi.

Baba yupo.

Ni mimi dada yako, mikono bado inanuka oili,
Wakesho


Kambini, Laisamis
19 Februari 2025

Dada Wakesho,

Bwana asifiwe. Barua yako ilifika na lori jana, imekaliwa na mtu, lakini inasomeka. Mimi ni mzima. Tumechimba mahali pawili tukapata vumbi, pa tatu tukapata maji ya chumvi ambayo hata ngamia alitutazama vibaya. Mpe Shanice hongera zangu. Salimia watu wote wa hapo nyumbani, na huyo jirani mpe pole ya tangi.

Sasa kuhusu injini. Kwanza nakupongeza, maana kuna mafundi wa gereji ambao gasketi hiyo wanaiweka na bado inavuja. Pili, wewe ni mtu hatari. Ungeningoja.

Nisikilize vizuri. Ili kufungua kile kifuniko lazima ulichomoa soketi za koili, zile zinazokaa juu ya plagi. Je, kila soketi ilirudi kwa koili yake? Na ulipochomoa, ulibonyeza kile kimdomo cha plastiki au ulivuta waya? Nakujua, ulivuta waya. Waya ikivutwa inakatika ndani na kwa nje huoni kitu.

Halafu kuna sensa ya kamshafti, imekaa pembeni hapo hapo juu ya injini, na soketi yake. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari kamshafti, yaani ule mhimili ulio chini ya kifuniko, imezunguka imefika wapi, ili petroli na moto viingie kwa wakati wake. Ikikosa kusema, au ikisema kwa kigugumizi, gari inafanya vile vile ulivyoandika: inawaka kwa shida, inavutwavutwa, inazima ikipata joto. Mimi kutoka huku naishuku hiyo. Lakini kushuku si kujua. Mpelekee Kimeu aunganishe ile mashine yake ya kusoma makosa, na usikubali abadilishe kitu chochote kabla mashine haijasema.

Nijibu pia hili: kuna mtu mwingine aliyeshika hiyo injini siku hiyo? Nauliza kwa sababu mtu akirudi kazini baada ya chai anakuta kitu hakiko alivyokiacha, na huwa hasemi.

Gari ikizima pale porini msishuke. Fungeni vioo mngoje lori lolote.

Wako katika Kristo,
Donald


Rukanga,
13 Machi 2025

Ndugu yangu,

Tumeamka salama, ingawa si sote. Mvua imetishia ikaenda kunyesha Taveta, kama kawaida yake. Mbuzi yule wa madoa amezaa mapacha. Shanice alikuja wikendi ya nusu muhula akala chakula cha wiki.

Barua yako imechelewa mno, Kimeu anasema ilifika Voi ikakaa kwenye ofisi ya basi chini ya mizigo ya watu. Nilikuwa nimeshampelekea gari kabla sijaisoma, na sikuvuta waya, asante sana kwa imani yako. Nilibonyeza kimdomo. Koili zote ziko mahali pake, nilikuwa nimezichora alama kwa rangi ya kucha.

Mashine ya Kimeu ilisema ulichosema: sensa ya kamshafti. Tukaweka mpya. Gari ikatulia, taa ikazimika, nikakuombea baraka zote. Haikumaliza wiki. Ikarudia, tena vibaya zaidi. Kimeu akaifungua tena, na nikuambie jambo la kuchekesha: kwenye ile soketi mlikuwa na sisimizi. Wale wadogo weusi. Wamejipanga humo kama wana mkutano. Akawapuliza, akafunga, tukarudi. Baada ya siku chache ni yale yale.

Sasa jambo lisilochekesha. Baba amekataa kupanda gari. Ijumaa iliyopita nilimvalisha, nikamtoa nje, akafika mlangoni mwa gari akasimama. "Siingii." Nikabembeleza, nikafoka, nikalia, Donald, nililia hadharani kama mtoto. "Siingii, nenda peke yako." Akakosa kuoshwa. Jumamosi miguu ikavimba hadi viatu vikakataa, usiku wote amekaa kitako kwa sababu akilala anakosa hewa. Jumanne Kimeu mwenyewe alikuja na gari ya mtu kumchukua, Mungu amjalie, lakini hawezi kufanya hivyo kila wiki, ana gereji ya kuangalia. Kwa nini amekataa, hiyo ni yake yeye.

Uliuliza nani mwingine alishika injini. Hakuna aliyeishika ila mimi.

Na kwa vile uliniuliza, na mimi nikuulize. Umesalimia Shanice, umesalimia jirani, umempa pole ya tangi. Baba hukumtaja. Ni mwaka wa tatu sasa. Najua wewe hutaki kulisikia, lakini mimi ndiye niliyekuwa pale na sufuria mkononi. Baba alikuwa na uchungu kwamba unaondoka, na yeye anabaki na shamba akiwa mzee, lakini alikuwa tayari kuutoa. Aliita jamaa zote akutasie kama baba yake alivyomtasia yeye. Akaweka maji mdomoni ili akupulizie kifuani, hasira itoke naye akubariki, uende na moyo mweupe. Ukainuka mbele ya watu wote ukasema wokovu wako hauruhusu, ukabeba begi. Alibaki amejaza mdomo. Sote tulimwona akiyameza.

Sisemi nani ana makosa. Nasema yule mzee ana miguu kama magunia na wewe unaniuliza habari za waya.

Dada yako,
Wakesho


Kambini, Laisamis
24 Machi 2025

Dada,

Nimesoma. Natumaini hii inakukuta Baba akiwa anapumua vizuri. Unaona nimemtaja.

Ya mimi na yeye tuyaache kwanza. Sikutoka pale kwa dharau. Nilikuwa nimeokoka miezi michache tu na mchungaji alikuwa ametuambia mambo ya kupuliza ni mambo ya mizimu, na mimi nikiambiwa kitu nakishika chote, unanijua. Basi. Sina la kuongeza hapo.

Nina swali moja, na nataka unijibu wewe mwenyewe: je, amekataa gari kwa sababu ni yangu? Kama ni hivyo niambie waziwazi. Iuzeni, mnunue nyingine yenye jina la mtu mwingine, mimi sitakasirika. Nitakasirika, lakini iuzeni. Na kwa sasa apelekwe Voi akae kwa Shangazi Evelyn, pale anatembea hadi hospitali.

Sasa sisimizi. Wewe na Kimeu mmecheka, mimi sikucheka. Nimekaa na hiyo sentensi yako siku mbili nikichimba kisima. Sisimizi hawali oili. Hawali waya. Hawali plastiki. Sisimizi wakiingia mahali wakarudi baada ya kupulizwa, mahali hapo pana sukari. Na sukari ikiwa ndani ya soketi inashika unyevu, unyevu unakula zile pini za shaba, na sensa inaanza kusema uongo hata ikiwa mpya kutoka dukani. Ndiyo maana mkibadilisha inakaa kidogo halafu inarudia. Mnabadilisha mdomo, na ugonjwa uko kwenye sikio.

Kwa hiyo fungua soketi yenyewe, ile ya upande wa waya, si sensa. Tazama ndani. Kama kuna kitu cha kahawia kinachonata, au kijani kwenye pini, ndicho hicho.

Wakesho, wewe ulisema hakuna aliyeshika injini, na mimi nakuamini. Kwa hiyo siulizi tena nani alishika. Nauliza nini kilimwagika. Uliweka chupa ya soda pale juu ukafanya kazi? Sema tu, sitakufoka. Injini ilikuwa wazi, soketi zinaning'inia zimetazama juu. Hata kikombe kimoja kinatosha.

Donald


Rukanga,
7 Aprili 2025

Donald,

Leo sianzi na mbuzi wala mvua.

Baba amekataa kwenda kwa Shangazi Evelyn. Anasema hawezi kufia nyumba yenye geti. Amekosa kuoshwa mara nyingine. Kimeu alikuja mara moja moja, siku nyingine tulipata gari ya kanisa. Daktari ametuonya.

Nimeifungua ile soketi. Ni ya kahawia na inanata. Nikalamba. Ndiyo, nikalamba, usinifokee. Ni miwa.

Sasa nitakueleza, ingawa Baba aliniapisha nisikuambie. Alisema, "Asije akadhani namfanyia dawa."

Siku ile ya gasketi niliacha boneti wazi mchana kutwa nikingoja gundi ikauke. Mama mmoja alikuwa ametuletea miwa kutoka Wundanyi, nikaikamua nimpelekee Shanice shuleni, nikaenda kutafuta kuni. Nikirudi namkuta Baba amesimama mbele ya injini na kikombe, mashavu yamejaa. Nikapiga kelele, "Baba, hayo umekatazwa! Unataka kujiua?" Hakuweza kunijibu kwa sababu ya yale maji mdomoni. Akaniinulia kidole nisubiri. Kisha akayapuliza yote juu ya injini yako, pfuuu, akasema, akajaza tena, akapuliza, akasema tena. Hakumeza hata tone.

Alichosema nakuandikia kama nilivyokisikia. "Hasira niliyomeza siku ile, hii hapa, nimeitema. Donald aende anakokwenda, arudi anakorudi. Anachofunga kifungike. Anachofungua kifunguke. Mimi sina neno naye." Halafu akafuta mdomo akaniambia, "Yeye hataki nimpulizie. Lakini hii ni ya mkono wake, na haiwezi kunikimbia."

Unaona kwa nini sikusema? Wewe ungesema mizimu. Na mimi sikujua, Mungu anisamehe, kwamba hayo maji yalikuwa yameingia kwenye soketi. Nilidhani yalikaukia juu juu.

Sasa sikiliza linalonikosesha usingizi. Gari ilipoanza kuzima, Baba alidhani ni ubovu tu. Ilipozima tena akaanza kujipima. Siku ile aliyokataa kupanda, nilipolia, aliniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mimi nilidhani imetoka. Kumbe bado ninayo. Mdomo umesema, moyo umebaki nayo. Kama ningekuwa nimemsamehe, hii gari ingekwenda. Nikiingia nitakuua na wewe huko porini." Ndiyo sababu haingii. Hakatai gari kwa sababu ni yako. Anaogopa moyo wake mwenyewe. Anakaa pale nje kutwa nzima anajichunguza kama bado anakuchukia, na anavimba.

Na mimi nimekwama. Nikimwambia ni miwa, anajua baraka yake ndiyo iliyoua gari, na hiyo aibu itammaliza. Nikiosha kimyakimya, naona kama nafuta kwa mswaki maneno ya baba yangu aliyoyatoa akiwa hai. Mimi ni nani niyafute? Mkono wangu umefika kwenye ile soketi ukarudi, na si mara moja. Yalikuwa ya kwako. Sema wewe.

Jibu haraka. Hii barua nimempa dereva wa lori la saruji anayekwenda hadi Isiolo, nimemwapisha.

Wakesho


Kambini, Laisamis
12 Aprili 2025

Dada Wakesho,

Imefika mapema kuliko zote. Huyo dereva alimpa mtu, mtu akampa mtu, ikaja na gari ya polisi. Nilidhani wamekuja kunishika.

Osha.

Nitaandika ya injini kwanza kwa sababu hayo nayaweza.

Toa kichwa cha betri. Chomoa soketi ya kamshafti na zile za koili pia, maana kama yaliruka yaliruka kote. Chukua maji ya moto kidogo, chovya mswaki laini, sugua ndani ya kila soketi mpaka kunata kuishe, kwa sababu sukari inatolewa na maji ya moto, spiriti peke yake haiitoi. Baada ya hapo ndiyo spiriti ya zahanati, ile ya kusafishia vidonda, ili ifukuze maji. Acha juani siku nzima, soketi zimetazama chini, unanisikia, chini. Kama pini ni za kijani mwambie Kimeu abadilishe soketi nzima, asijaribu kukwangua. Paka grisi kidogo kwenye mpira wa soketi. Rudisha. Mashine ya Kimeu ifute kosa. Usinunue sensa nyingine, uliyonayo ni nzima.

Sasa haya mengine.

Unasema utakuwa umefuta maneno ya Baba. Wakesho, mimi si mtu wa mambo hayo na bado si mtu wa mambo hayo. Lakini nimesoma yale maneno hadi karatasi imelegea. Yamesemwa, na mimi nimeyapata. Kilichobaki kwenye soketi ni sukari, na sukari ina kazi moja tu, kuita sisimizi.

Mwambie Baba. Usimfiche. Unaogopa aibu, lakini aibu ya kumwaga miwa kwenye injini ni ya kucheka, watu wote wa Kasigau watacheka na yeye atacheka mwisho. Ile nyingine, ya kukaa nje akidhani ananichukia, hiyo haina mwisho na haina dawa. Mwambie hivi, na useme ni mimi nimesema kama fundi: kosa limepatikana, limeonekana kwa macho, na si yeye. Mchukue umwonyeshe wale sisimizi kabla hujaosha. Halafu ukimaliza, funguo mpe yeye. Awashe mwenyewe.

Siwezi kuandika zaidi. Vijana wananingoja kwenye kisima na macho yangu yana vumbi.

Donald


Rukanga,
28 Aprili 2025

Ndugu yangu Donald,

Salamu, na leo nina salamu nzima. Mvua imekuja kweli, tumepanda. Shanice anamaliza likizo, anasema anataka kusomea mambo ya injini, sasa sijui nicheke au nilie.

Nilifanya ulivyosema, na kwa utaratibu uliosema. Nilimwita Baba kwenye boneti. Alikuja kwa shingo upande, anashika fimbo na mimi namshika yeye. Nikamfungulia soketi. Sisimizi walikuwepo, kama walijua wana mgeni. Nikamwambia, "Baba, Donald amesema kama fundi. Kosa ni hili. Ni maji ya miwa. Hawa wamekuja kula sukari yako, na sukari imeziba njia ya umeme." Akainama akatazama muda mrefu sana, mpaka nikamwambia ataanguka. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kabla ya sukari, gari ilikuwa sawa?" Nikamwambia ilikuwa sawa. "Na mimi nilikuwa sawa?" Nikamwambia ndiyo, Baba, ulikuwa sawa.

Akakaa chini kwenye lile jiwe la kufulia. "Kumbe ilitoka," akasema. "Ilitoka siku ile ile." Akaanza kucheka, Donald, yule mzee alicheka hadi nikamwekea mkono mgongoni. "Nimemtemea mtoto hasira, nikamwulia gari!" Majirani walitoka. Sasa kijiji kizima kinajua, na pale mwambani ndiyo habari ya mjini. Kuna mzee mmoja ameomba aletewe trekta yake ipuliziwe ili apate sababu ya kununua mpya.

Nikaosha. Mkono haukurudi. Zile za koili zilikuwa safi, tatizo lilikuwa hiyo moja tu. Kimeu aliweka soketi mpya hata hivyo, pini mbili zilikuwa zimeshaliwa. Asubuhi nikampa Baba funguo. Akakaa kwenye kiti cha dereva na miguu yake hiyo, akazungusha, ikashika mara ya kwanza. Akazima. Akawasha tena, ikashika. Nilimwambia, Baba, acha, utamaliza betri.

Amekwenda Voi Jumanne na Ijumaa zote tangu hapo, taa ya njano haijaonekana. Miguu imepungua lakini haijarudi ilivyokuwa. Sitakudanganya, daktari anasema zile siku alizokosa zimemchukulia kitu ambacho hakirudi. Tunapokuwa njiani sasa anaongea, anataja kila mlima. Juzi tukipita Maungu akaniuliza, "Alipokwambia uoshe, alikasirika?" Nikamwambia hukukasirika. Akasema, "Alisema nini juu ya yale maneno?" Nikamwambia ulisema umeyapata. Akatazama dirishani hadi tunafika Voi.

Sikuombi kitu. Nakuambia tu alivyo.

Dada yako,
Wakesho


Laisamis,
6 Mei 2025

Dada,

Nimeshuka mjini nikuandikie nikiwa nimekaa kwenye meza. Nimefurahi soketi imebadilishwa. Waya wa hapo aufunge vizuri usigusane na bomba la maji ya moto, mkumbushe Kimeu.

Nimeomba likizo, nimepewa. Nitashuka Voi Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu. Sitaanza nyumbani, nitakuja moja kwa moja hospitali, nimngoje Baba atoke kwenye mashine, na mimi ndiye nitakayeendesha kurudi. Wewe ukae nyuma ulale, umeendesha vya kutosha.

Nilizungumza na mchungaji wa kule kambini. Yeye ni Mrendile, mwenyeji wa huku. Nilimweleza yote, miwa na sisimizi na kila kitu, nikamwuliza mtu aliyeokoka afanye nini. Alifikiri, akaniuliza kama baba yangu yu hai. Nikamwambia yu hai. Akasema, sasa unaniuliza nini mimi?

Usiite jamaa zote kama mara ile, nisamehe, sitaweza macho ya watu. Awe yeye na wewe, na Shanice kama shule itamruhusu. Maji yawe maji tu, ya mtungini, na afya yake ije kwanza, asisimame. Mimi nitakaa chini mbele yake.

Na mwambie hivi, kwa maneno haya haya: safari hii anipulizie mimi, gari aiache.

Mdogo wako,
Donald